Daftari la usiku na mchana: wiki ya 9 ya kufuatilia usingizi na pumzi zangu

Nilianza daftari hili kwa swali moja: usiku mbovu unakula kiasi gani cha kesho yake? Nina ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao madaktari huuita COPD, huu mwaka wa sita. Nalala kwa vipande. Kila ninayemlalamikia hunijibu, "Fanya mazoezi, utalala." Nikasema ngoja niandike.

Wiki ya 1 na 2. Kipimo cha mchana ni kile cha kutembea dakika 6. Unakwenda na kurudi kwa mwendo unaouweza, ukichoka unasimama lakini saa haisimami, mwisho zinahesabiwa mita. Miongozo ya kitaalamu ya mwaka 2002 inataka njia ya mita 30. Yangu ina mita 20, kwa hiyo nageuka mara nyingi zaidi na kila kugeuka kunanipunguzia mwendo. Si neno, nashindana na nafsi yangu. Sipimi nikiwa peke yangu: mwanangu hukaa karibu na saa na kiti.

Mara ya kwanza nilipata mita 318, siku ya pili 341. Nilijisifu nusu siku nzima, mpaka mtaalamu wa fiziotherapia aliponieleza kwamba watu wengi huenda mbali zaidi mara ya pili kwa sababu wameshajua namna ya kuigawa pumzi. Ndiyo maana hupimwa mara mbili na kuchukuliwa iliyo bora. Basi mwanzo wangu ni 341.

Usiku ni karatasi na kalamu kando ya kitanda. Kila nikiamka nachora mstari. Saa ya mkononi nimeiachia kazi ya kuhesabu hatua tu. Sehemu yake ya usingizi sina imani nayo, maana nikijilaza kimya macho kodo nikitafuta pumzi, yenyewe inaandika nimelala fofofo.

Wiki ya 3. Saa kumi alfajiri niliamka, nikavaa kipima oksijeni cha kidole, kikasoma oksijeni ya damu asilimia 79, namba ya chini ya kutisha. Nikamwamsha mke wangu, naye akanishika mkono: baridi kama barafu. Tukavisugua vidole, kikapanda hadi 91. Tangu hapo siamini namba yoyote kabla mkono haujapata joto na usomaji haujatulia. Na vifaa hivi hukosea zaidi kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi kwa kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Hata hiyo 91 siiapii. Namba hizo nilimpelekea daktari azipime mwenyewe.

Yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu alfajiri. Mtu akiwa katika usingizi wa ndoto, karibu misuli yote hulegea, pamoja na ile ya shingoni na ya kati ya mbavu ambayo sisi wagonjwa tunaiegemea kuvuta hewa. Kazi kinaachiwa kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Lakini mapafu yetu yamejaa hewa isiyotoka, yamekigandamiza kiwambo kikawa bapa, hakina pa kushukia. Usingizi wa ndoto nao hujazana mwishoni mwa usiku, saa zilezile ambazo njia za hewa huzidi kuwa nyembamba. Nikaangalia karatasi zangu: mistari mingi iko baada ya saa tisa.

Wiki ya 5. Muuguzi aliniomba nimwonyeshe ninavyotumia pampu yangu ya kuvutia dawa kifuani. Miaka sita nimekuwa nikibonyeza kwanza, ndipo navuta. Dawa ilikuwa inaishia ulimini! Sasa naanza kuvuta polepole, nabonyeza, naendelea kuvuta, kisha nabana pumzi. Niliomba pia vidonge vya usingizi, daktari akakataa: baadhi yake hufifisha msukumo wa kupumua.

Wiki ya 6. Mafua, makohozi yakabadilika rangi, nikapewa dawa. Sikupima kitu.

Wiki ya 9. Nimefika mita 352. Ni nyongeza ya mita 11, na mabadiliko yanayohesabika katika kipimo hiki ni kama mita 30. Kwa hiyo bado.

Ila hatua za kila siku zina habari nyingine. Baada ya usiku wenye mistari miwili au pungufu, wastani wangu ni hatua 4,100. Ikifika mitano na kuendelea, 2,600. Nikajua nimepata jibu: usiku mbovu unaninyang'anya miguu. Kuhakikisha, nikafanya kile kipimo makusudi baada ya mikesha miwili mfululizo. Mita 347.

Kumbe uwezo ulikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa sinyanyuki kwenye kiti.

Au pengine kifua kikichafuka ndicho kinachoharibu vyote viwili, usiku na mchana, na karatasi zangu haziwezi kunitenganishia. Kuanzia Jumatatu naongeza safu ya tatu, kubanwa kwa pumzi jioni kabla ya kulala, kwa alama 0 hadi 10. Na siku za mikesha nitasubiri pampu ifanye kazi, kisha nisimame na kukaa kitini kwa dakika 1 nikihesabu. Leo nimepata 14.