Ampea 18 na barabara ya Kasenga

Wabeba makala (mkaa) wa barabara ya Kasenga hutoka porini usiku. Ukiondoka Lubumbashi saa kumi alfajiri kuelekea upande huo, unapishana nao mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisukuma kinga (ndivyo tunavyoita baiskeli huku) iliyopakiwa magunia mpaka yamemzidi kimo, bila taa, bila hata kipande cha kitu kinachong'aa. Mwaka juzi, mwezi wa 9, nilimkosa mmoja kwa upana wa kiganja. Yeye sikumwona kabisa. Niliona gunia, tena likiwa tayari mbele ya usukani. Alinitukana, na alikuwa na haki.

Nina shamba la mahindi na kuku upande huo, na wakati wa mvua gari dogo halifiki. Ndiyo maana nilinunua kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Ina taa mbili za halojeni, yaani balbu za uzi unaowaka, za wati 35 kila moja, na mwanga wake ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Baada ya mkasa ule nilikwenda sokoni nikaomba balbu kubwa zaidi. Nikapewa za wati 60, kitako chake kikaingia bila kulazimisha. Usiku wa kwanza nilifurahi kama mtoto.

Furaha ilifika mpaka mwezi wa 11. Mvua ilinikuta njiani, nikatambaa kwenye matope karibu saa mbili nzima kwa mwendo wa kutembea, feni ya rejeta ikivuma muda wote. Nikazima injini ili niondoe tawi barabarani. Niliporudi kubonyeza stata, ilisikika "tik", basi. Kwadi yangu ni ya mkanda, haina gia za kukanyaga, kwa hiyo hata mngeisukuma watu kumi haiwaki: mkanda haushiki mpaka injini yenyewe iwe inazunguka. Kamba ya kuvuta ilikuwa imekatika tangu kwa mwenye kwadi wa zamani. Nilikaa juu ya tangi la mafuta nikinyeshewa hadi mpwa wangu alipokuja na betri ya gari kwenye mfuko wa unga.

Kesho yake nikafungua taa ya kulia. Plastiki ya nyuma ilikuwa imejikunja kama nailoni iliyoguswa na moto, na soketi ya balbu imegeuka kahawia. Balbu zile zilikuwa zimeanza kuoka taa yenyewe.

Nilimpelekea fundi mmoja wa umeme wa magari katika komini ya Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si nchi). Kijana tu, lakini hakukimbilia bisibisi. Aliniuliza: "Papa, hii mashine inatoa umeme kiasi gani?" Sikujua. "Sasa unapangaje matumizi na mshahara huujui?"

Kitabu cha kwadi kilisema volti 14, ampea 18, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Ukizidisha unapata wati 252, ukasema ni nyingi. Ila hizo mara 5,000 ndizo zenye maneno. Hakuna anayezungusha injini hivyo kwenye matope. Fundi alikuwa na mita ya koleo, ile unayobana kwenye waya bila kuukata. Ukitaka kununua yako, hakikisha inapima umeme wa betri, kwa sababu nyingi za bei nafuu zinapima umeme wa nyumbani peke yake. Tulipima injini ikiwa moto. Kwenye ralanti, yaani inanguruma bila kuongezewa mafuta, alternator (kile kifaa cha injini kinachozalisha umeme) ilitoa kama ampea 8. Kwa mwendo wa kutambaa, 13. Ile 18 ilitokea nilipobana mafuta mpaka majirani wakachungulia.

Kisha matumizi. Kuwasha cheche kunakula ampea 2. Taa ya nyuma na za dashibodi, 1. Feni, 6. Taa za mbele za asili, wati 70 zikigawanywa kwa volti kama 12.8, ni 5.5. Jumla 14.5. Ina maana hata kwa balbu zake za kiwandani, kwenye matope betri ilikuwa inakopwa polepole. Na mimi nikailetea balbu zinazokula zaidi ya ampea 9. Betri yenyewe ni ya ampea-saa 14, na haikuwa mpya. Sikuhitaji mtu anieleze kilichotokea usiku ule.

Nilidhani ataniambia ninunue alternator kubwa. Badala yake alirudisha balbu za wati 35, akawasha, akapima volti kwenye betri: 14.1. Akapima kwenye soketi ya taa: 12.3.

Volti 1.8 zilikuwa zinapotelea njiani. Umeme wa taa ulikuwa unatoka betri, unapitia swichi ya funguo, unapanda hadi kwenye usukani, unaingia kwenye kiswichi cha kidole gumba, halafu ndipo unashuka kwenye taa, yote kwa waya nyembamba kama tambi na viungo vyenye kutu ya kijani. Tena volti 0.7 kati ya hizo zilipotea upande wa hasi, mahali waya ulipofungwa kwenye fremu juu ya rangi na uchafu. Na halojeni haina huruma katika jambo hili: ukiipunguzia volti kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Mimi nilikuwa nimepungukiwa na asilimia karibu 13. Theluthi ya mwanga niliyokuwa naitafuta sokoni ilikuwa imelala ndani ya waya.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya rilei. Rilei ni swichi inayosukumwa na umeme kidogo ili ifungulie umeme mwingi. Waya za zamani za taa hazikutupwa. Zilibaki kuwa za kutoa amri tu, zikaingia miguu ya rilei iliyoandikwa 85 na 86. Mguu wa 30 ulichukua umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya ya milimita za mraba 2.5, na wa 87 ukaupeleka kwenye taa. Rilei moja kwa taa za chini, nyingine kwa taa za juu, kila moja na fyuzi yake ya ampea 10, na fyuzi zikakaa kiganja kimoja tu kutoka betri. Hapo sikukubali mjadala: waya isiyo na fyuzi ikikwaruzwa na fremu inageuka kiberiti, na chini ya kiti kuna mafuta. Upande wa hasi nao ukapata waya yake hadi betri. Rilei tulizifunga chini ya kiti miguu ikitazama chini ili maji yasituame, viungo vikabanwa kwa koleo na kupakwa grisi. Mpwa wangu alitaka kuvisokota kwa vidole na kuvizungushia utepe. Nilimtuma soda.

Tukapima tena kwenye soketi: 13.8. Balbu zilezile. Jioni niliwasha mbele ya ukuta wa banda la kuku, mke wangu akauliza nimenunua taa gani.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilitaka kuona mbali zaidi kabla ya madaraja ya magogo. Mpwa akasema: "Mjomba, weka balbu za LED ndani ya taa hizohizo, hazili umeme." Kuhusu umeme alikuwa sahihi. Tulijaribu moja upande wa kushoto, tukalinganisha ukutani. Halojeni ilichora mstari safi, juu giza, chini mwanga. LED ilimwaga mwanga hadi kwenye bati la paa, kwa sababu kioo cha ndani kimekatwa kufuata mahali ulipo uzi wa halojeni, na vidonge vya LED havikai pale. Ningewapofusha wabeba makala wale wale niliotaka kuwaona. Nikairudisha dukani.

Nilichukua taa mbili ndogo za LED za kufunga nje, kwenye kichanja cha mbele. Boksi liliandikwa wati 120 kila moja. Nilikwenda na betri na mita, nikaomba kuziwasha hapohapo kibandani, muuzaji alininunia. Ampea 1.6 kila moja, yaani wati 20. Boksi lilidanganya mara sita, na kwangu uongo huo ulikuwa baraka, maana wati 120 za kweli nisingeziweza. Zote mbili ampea 3.2, fyuzi ya 5, rilei ya tatu, na amri yake inatoka kwenye taa za juu. Nikishusha taa kwa anayekuja, nazo zinazima zenyewe, mkono hautafuti swichi mbili. Nimeziwekea vifuniko vya njano, kwa sababu mwanga mweupe wenye ubuluu ulikuwa unanisumbua macho ndani ya vumbi letu jekundu la mwezi wa 9.

Hesabu ya mwisho, kila kitu kikiwaka: 17.7 kwa 18. Imebana mno. Nikabadilisha taa ya nyuma na za dashibodi kuwa LED, nikaokoa nusu ampea, na nikikimbia upepo unapoza rejeta, feni inapumzika. Kwenye matope hesabu haikubali, hata ufanyeje. Kwa hiyo kwenye usukani kuna kivoltimita kidogo. Kikishuka chini ya 12.4 injini ikiwa inanguruma, nashusha taa ili LED zizime, au nasimama naiacha injini izunguke kidogo kwa nguvu. Kamba ya kuvuta nayo nimeirudisha.

Volti zilizorudi zina bei yake: balbu ya kushoto iliungua mwezi wa 5. Halojeni ikishiba huangaza zaidi na kufa mapema. Zipo mbili za akiba kwenye boksi la chini ya kiti, zimefungwa kwa soksi ya mtoto, na boksi lina alama ya kalamu: 35, si 60.