Elfu ishirini ileile, yuniti tofauti: namna ya kusoma punguzo la Yaka

Yaka ni umeme wa kulipia kabla wa Uganda. Ukinunua wa shilingi 20,000 tarehe 2, unapata yuniti 32 na ushee. Tarehe 12 unatia 20,000 nyingine, zinakuja 22 tu. Hapo ndipo lawama zinapoanza: mita imeharibika, wakala kakata chake, kampuni inaiba. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Punguzo ulikwisha kulila tarehe 2.

Bei ya umeme wa nyumbani Uganda imepangwa kwa ngazi, na ngazi zenyewe haziendi upande mmoja. Mamlaka ya kudhibiti umeme, ERA, huitazama bei kila robo mwaka kufuatana na thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na bei ya mafuta. Hesabu zote hapa chini zinatumia bei ya robo ya pili ya 2025, yaani ile iliyoanza UEDCL, kampuni ya serikali, ilipochukua usambazaji tarehe 1 Aprili baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kwisha. Robo ikibadilika, chukua namba mpya kwenye jedwali la ERA uziweke mahali pake. Njia ya hesabu ni ileile.

Kwa bei za robo hiyo, yuniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 ni 756.2. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei inashuka hadi 412. Hii ndiyo ngazi ya kupikia, iliyowekwa ili watu waache mkaa. Ukivuka 150 unarudi kwenye 756.2. Juu ya yote kuna VAT ya asilimia 18, kwa hiyo yuniti ya 250 inakutoka kwa 295, ya 756.2 inakuwa karibu 892, na ya 412 inakuwa 486.

Sasa turudi kwenye ile 20,000. Igawe kwa 1.18 ili kutoa VAT: inabaki 16,949. Yuniti 15 za kwanza zinachukua 3,750. Zinazobaki, 13,199, ukigawa kwa 756.2 unapata yuniti 17.45. Jumla 32.45. Mara ya pili ndani ya mwezi uleule zile 15 hazipo tena, kwa hiyo 16,949 yote inagawanywa kwa 756.2 na unapata 22.41. Mara ya tatu vilevile, 22.41. Umefika yuniti 77.28. Mara ya nne ndiyo inayowashangaza watu: yuniti 2.72 zinamaliza ngazi ya 756.2, pesa iliyobaki inaingia kwenye 412, na unapata yuniti 38.87 kwa 20,000 ileile. Ukiona tokeni ya nne imenona kuliko ya kwanza, usidhani mtandao umekosea ukakaa kimya kwa furaha. Ni haki yako.

Kuna mambo mawili ambayo wengi hawajayashika. Moja, mwezi unaohesabiwa ni wa kalenda, kuanzia tarehe 1. Hauanzi siku uliyonunua mara ya mwisho. Ukinunua tarehe 30 usiku umekula kwenye mwezi unaokwisha. Ukisubiri asubuhi ya tarehe 1 unapata yuniti 15 mpya za bei nafuu. Zile ambazo hukuzinunua hazisogezwi mbele. Pili, kwa mita ya Yaka kinachohesabiwa ni yuniti ulizonunua, si ulizochoma. Mfumo hauna habari kama umewasha taa au umelala gizani. Unajua tu kiasi cha tokeni zilizotoka kwa namba ya mita yako mwezi huo.

Hapo ndipo ulipo ujanja halali ambao hautangazwi sana. Chukua nyumba inayotumia yuniti 80 kwa mwezi: taa, friji ndogo, televisheni, pasi. Ikinunua 80 kila mwezi inalipa 62,426 pamoja na VAT, yaani 124,851 kwa miezi miwili. Ikinunua 160 kwa mpigo mwezi wa kwanza na kutonunua kabisa mwezi wa pili, inalipa 105,380. Imepoteza yuniti 15 za bei ya chini za mwezi wa pili, lakini imeingia ngazi ya 412 kwa yuniti 70 nzima. Tofauti ni shilingi 19,471. Yuniti zilizokwisha kuingia kwenye mita haziozi, zinakungoja.

Kwa maoni yangu mpangilio huu una kasoro. Kati ya wasiozidi yuniti 150, anayeumia zaidi ni yule anayeishia karibu na yuniti 80, ambaye kwa kawaida si tajiri wala si maskini kabisa: wastani wake ni shilingi 780 kwa yuniti, wakati anayefika 150 wastani wake ni 643. Mwenye pesa ya kununua kwa mkupuo anapata nafuu ambayo anayelipa elfu mbili mbili kwa simu haipati. Ila ndivyo ilivyo, na anayeweza kukusanya pesa mwanzoni mwa mwezi afanye hivyo. Asiyeweza, angalau ahakikishe kila tarehe 1 ananunua 4,425. Hiyo inatosha kabisa kuchukua zile yuniti 15.

Ngazi ya kupikia ina maana tu kama kweli unapika. Jiko la umeme la presha la wati 1,000 hutumia takriban nusu yuniti kuivisha sufuria ya maharage, kwa sababu likishapata presha linazima na kuwaka lenyewe. Kwenye ngazi ya 412 hiyo ni kama shilingi 250 pamoja na VAT. Linganisha na mkaa wa sigiri moja ya maharage mtaani kwako kisha uamue. Jiko la koili ni habari nyingine, linakula saa nzima bila kupumzika. Na hita ya maji ya kuoga ya wati 1,500 ikiwaka dakika 20 tayari ni nusu yuniti, kwa mtu mmoja. Familia ya watu watano haitashangaa tena.

Kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyoshikana, hesabu inaharibika kwa sababu mita ni moja. Vyumba sita vinagawana yuniti 15 za nafuu, yaani mbili na nusu kila kimoja. Lakini pia vyote pamoja vinafika haraka kwenye ngazi ya 412, na nafuu hiyo mara nyingi inaishia mfukoni mwa mwenye nyumba. Tuseme vyumba vyote vimetumia 120 kwa mwezi. Gharama halisi ni 81,872, yaani 682 kwa yuniti. Mwenye nyumba anayewauzia kwa mita ndogo za ndani kwa 1,000 anapata faida ya zaidi ya 38,000. Ombeni kuona risiti za mwezi, mjumlishe pesa, mjumlishe yuniti, mgawe. Kama kuna saluni au duka linalokula kwenye mita hiyohiyo, litengewe mita yake. Mita ya biashara iko kwenye kundi jingine la bei, lisilo na ngazi ya 250 wala ya kupikia, na nyumba ikionekana inafanya biashara inaweza kuhamishiwa huko.

Upande wa pili wa akaunti ni madeni. Mita hubeba deni la aliyekutangulia kama halikusafishwa, na deni hilo hukatwa kidogo kidogo kwenye kila ununuzi. Kabla ya kulipa kodi ya miezi mitatu, fanya jaribio hili: mwanzoni mwa mwezi, kabla mtu mwingine hajanunua, nunua Yaka ya 5,000. Toa VAT, inabaki 4,237. 3,750 ni yuniti 15, na salio linakupa 0.64. Unatakiwa kuona yuniti 15.6. Ukipata 8, soma risiti mstari kwa mstari: kuna makato, ama ya deni ama ya ada ya huduma ya mwezi. Ada ya namna hiyo, inapotozwa, hulimbikizwa kwa miezi usiyonunua, na nyumba iliyokaa tupu miezi sita inaweza kumeza tokeni yako ya kwanza karibu yote. Deni la mtu mwingine usilizoee. Peleka mkataba wa upangaji wenye tarehe na picha ya mita ofisini kwa msambazaji ulalamike kwa maandishi.

Kuhusu tokeni zenyewe: ni tarakimu 20, na namba ya mita ni tarakimu 11. Unapolipa kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel, jina la mwenye akaunti hutokea kabla hujathibitisha, lisome. Tokeni ya mita nyingine haiingii kwako hata uibonyeze mara kumi. SMS ikichelewa, usilipe tena. Omba kwanza tokeni ya mwisho itumwe upya kwa namba ya muamala.

Mita ikikataa tokeni halali, na imekaa muda mrefu bila kununuliwa umeme, huenda haikubadilishwa ufunguo, yaani namba ya siri ambayo mita hutumia kusoma tokeni. Tarehe 24 Novemba 2024 mita za mfumo wa tokeni unaotumiwa na Yaka, duniani kote, zilifika mwisho wa hesabu yao ya tarehe, na kila moja ilihitaji namba mbili za kubadilisha ufunguo, tarakimu 20 kila moja, ziingizwe kwa mpangilio kabla ya tokeni ya umeme. Namba hizo hutoka pamoja na ununuzi, hazilipiwi. Tokeni ya zamani uliyoiweka akiba bila kuiingiza haitakubaliwa baada ya hapo.

Fundi akija kubadilisha mita mbovu, piga picha ya salio kabla hajakata waya, kisha mwombe aandike salio hilo kwenye fomu ya kazi na asaini. Yuniti zilizobaki ni pesa yako na zinatakiwa kuhamishiwa mita mpya, lakini bila kumbukumbu hiyo hakuna wa kukusikiliza. Msambazaji asipojibu, malalamiko yanaenda ERA, na juu ya hapo lipo Baraza la Migogoro ya Umeme lililoundwa chini ya Sheria ya Umeme ya 1999. Kote huko ambatisha SMS za tokeni, namba za muamala, picha ya salio na hesabu yako kwenye karatasi moja: pesa uliyolipa, yuniti ulizostahili, yuniti ulizopata.