Umetia Nanga Wapi Leo?

Mjomba wangu aliendesha mashua kati ya Tanga na Pemba kwa zaidi ya miaka 20. Amebeba mbao, mbuzi, magunia ya karafuu, na safari moja alibeba kitanda cha bi harusi na bi harusi mwenyewe kakaa juu yake. Nilipompigia simu kumwambia nimenunua boti huku London na ndimo ninamoishi, hakuuliza bei. Aliuliza kina.

"Mita moja na nusu, Mjomba. Pengine haifiki."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo ikizama unasimama?"

"Nasimama. Yananifika kifuani."

"Basi mwanangu, hayo si maji ya kumtia mtu hofu. Hofu yako itatoka nchi kavu."

Alikuwa anatania tu. Huu ni mwaka wa tatu sasa, na kila nikirudi botini gizani namkumbuka.

Boti yenyewe ni chuma kitupu, ndefu futi 45, nyembamba kama korido. Upana wake ni futi 6 na inchi 10, kwa sababu loki nyingi za katikati ya Uingereza (vyumba vya maji vyenye malango, vya kupandisha na kushusha boti) zilijengwa kwa upana wa futi 7 enzi za farasi, na boti zikafuata kipimo hicho mpaka leo. Tezi, yaani nyuma, kuna injini na kitanda, katikati choo na jiko la gesi, omo, yaani mbele, kuna jiko la makaa na kiti kimoja, ndiyo sebule. Choo ni kisanduku. Kikijaa unakibeba mwenyewe hadi kituo cha kumwagia, mkono mmoja umeshika pua. Wanaoniona kwenye picha nimekaa juu ya paa na kikombe cha chai hawajaniona na kisanduku.

Kibla nacho. Tanga kibla ni kaskazini, mtu hafikirii. Hapa ni kusini-mashariki, na nyumba inageuka. Nikifunga kwenye mto Lee, unaoteremka kutoka kaskazini kwenda kusini, mswala unakaa mshazari na nikisujudu kichwa kinagonga mguu wa meza. Nikihamia Mfereji wa Regent's nyumba imelala vingine, naanza hesabu upya.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepanga chumba East Ham, pauni 850 kwa mwezi, watu sita choo kimoja. Zamu yangu ya upatu ilipofika nikaunganisha na akiba ya miaka minne, nikalipa pauni 24,000 kwa boti iliyonizidi umri. Wenzangu wa upatu walidhani nimerogwa. Wengine bado wanadhani. Na kwa anayefikiri ni bure: leseni yangu ni zaidi ya pauni elfu moja kwa mwaka, kuna bima, kuna cheti cha usalama kila miaka minne, kuna dizeli, gesi, makaa ya baridi, na kila baada ya miaka miwili au mitatu boti inatolewa majini ipakwe lami chini. Hilo la lami Mjomba alilielewa mara moja. "Sisi shahamu na chokaa," alisema, "nyinyi lami. Chombo ni chombo."

Asichokielewa, na mimi sikukielewa kabla ya kulipa, ni kwamba ukinunua boti hujanunua mahali pa kuiweka.

Maegesho ya kudumu London ni machache, ghali, na mengine hayaruhusu mtu kuishi humo. Wengi wetu tuna leseni ya wasio na maegesho. Sheria ya mwaka 1995 inataka boti ya namna hiyo iwe ya safari kweli kweli, isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo ila kwa sababu ya maana. Kuna sehemu za siku 7 tu. Uende umbali gani, sheria haikutaja. Canal & River Trust, shirika la hisani lililokabidhiwa mifereji mwaka 2012, linasema kwamba ambaye mwaka mzima hakutoka nje ya eneo la maili 15 hadi 20 itamwia vigumu kuwaridhisha kuwa ni msafiri. Kuruka kutoka hapa hadi pale na kurudi hapa, kama kuku kati ya nyua mbili, hakukubaliki. Watu wao hupita kandokando, husoma namba iliyobandikwa ubavuni mwa boti, huiingiza kwenye kifaa, huendelea na safari.

Mimi ni mtu wa kuhesabu siku. Miaka yangu ya mwanzo nchi hii nilihesabu siku za viza, nikapata ukaazi wa kudumu, nikasema sasa nimepumzika. Wapi! Kalenda ya jikoni ina duara jekundu kila Jumanne ya pili, siku 14 zikitimia. Barua zangu zinakwenda kwa shemeji yangu Barking, maana ukimwambia mtu wa benki "naishi kwenye boti" anakutazama kama umesema unaishi mwezini. Kujiandikisha kwa daktari ndiko kulikuwa rahisi, kwa kuwa kliniki za NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, zinaweza kukupokea hata bila karatasi ya anwani.

Kuhama kwenyewe ni kazi ya mikono. Unang'oa vigingi, unakunja kamba, unashika kana, ule mkono wa usukani, nyuma na unakwenda mwendo ambao mtu anayetembea haraka anakupita. Ukifika loki, unateremka, unazungusha vilango vya kupitishia maji kwa mkono wa chuma, unasukuma lango kwa makalio, unarudi botini, unaingia, unapanda ngazi yenye utelezi, unaanza tena. Mwaka wa kwanza nilikuwa nateremka loki peke yangu nikasahau kizingiti. Chini ya malango ya juu kuna kizingiti kilichofichwa na maji, na mstari mweupe umechorwa ukutani kukuonya usirudi nyuma ya hapo. Maji yakashuka, tezi ikakaa juu ya kizingiti, omo ikaendelea kushuka. Nilisikia vikombe vinahama kabatini kabla sijaona chochote. Nikakimbia kufunga vilango vya chini na kufungua vya juu, na boti ikanyanyuka polepole kama mzee anayetoka kwenye mkeka. Mjomba alikasirika kwa hilo. Siku mbili hakupokea simu.

Lakini hilo lilikuwa la maji, na la maji lina dawa yake.

Kando ya mfereji kuna njia, mimi huiita njia ya farasi, kwa kuwa ndio walioijengewa, wakivuta boti kwa kamba. Kwenye madaraja ya zamani utaona mifuo iliyozama ndani ya chuma, imechimbwa na kamba miaka nenda miaka rudi. Mchana njia hiyo ni nzuri mno. Watoto, mbwa, wapenzi, na baiskeli zinazokwenda kasi kuliko akili za wanaoziendesha. Kiangazi maji hufunikwa na magugu madogo ya kijani mpaka yanafanana na bustani iliyokatwa vizuri. Nimeshuhudia mbwa mmoja akiyakimbilia kwa furaha na kutoweka. (Alitolewa salama. Mwenye mbwa ndiye aliyelia.)

Usiku ni mambo mengine. Farasi hakuhitaji taa wala pa kukimbilia. Upande mmoja una ukuta au ua, upande mwingine maji, na pa kupandia barabarani ni penye daraja tu, na chini ya daraja ndipo penye kona na giza. Victoria Park iko ubavuni mwa mfereji, ila malango yake hufungwa jua likizama. Sehemu nyingi hazina taa. Sababu moja inayotajwa ni popo, ambao mwanga unawasumbua. Sina ugomvi na popo, ila popo anaona njia yake bila macho, mimi nina zamu ya jioni hospitalini inayokwisha saa tatu na nusu.

Novemba mwaka juzi nilikuwa nimefunga Hackney, siku ya tisa. Natembea, simu mkononi nikiitumia kama tochi. Ndilo kosa langu, maana nilikuwa naangaza kilichokuwa kinatafutwa. Chini ya daraja wakatokea vijana wawili juu ya baiskeli za umeme, nyuso zimefunikwa, na baiskeli zile hazina sauti. Mmoja akanizibia mbele. Wa pili akaichukua simu kutoka kwenye vidole vyangu kama mtu anayepokea chenji dukani, na akasema asante. Naapa, alishukuru. Wakaondoka. Jambo lote halikufika muda wa kupiga chafya, na baadaye nikagundua nilikuwa nimejibanza ukutani huku nimekumbatia mkoba wenye sanduku tupu la chakula.

Simu sina, nitampigia nani? Boti ya mbele yangu alikuwa anaishi mzee Mwingereza na mbwa wake kipofu. Tulikuwa tumesalimiana mara tatu nne, habari za hali ya hewa. Nikagonga paa lake. Hakuuliza maswali, alifungua mlango, akaweka birika jikoni, akapiga 999, namba ya dharura, kwa simu yake. Wa upande wa pili akauliza tuko wapi, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya mtu wa mfereji na mgeni wa mfereji. Mimi ningesema "karibu na duka la kahawa, kuna mti". Yeye alitaja namba ya daraja. Karibu kila daraja lina namba yake kwenye kibao. Nilipita chini ya kile kibao siku tisa, kwenda na kurudi, sikukisoma.

Kuanzia usiku ule, ikikaribia saa nne, mzee akawa anawasha taa ya tezi yake. Hakunitangazia. Niliona tu duara la manjano juu ya njia, na mbwa amekaa ndani yake kama mlinzi wa ghala. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha siku zake 14 zikaisha, akaelekea Limehouse. Zangu zikaisha siku mbili baadaye, nikapanda mto Lee kaskazini. Sijamwona tena.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewana na sheria hii, ingawa siipingi. Isingekuwepo, waliofika mwanzo wangejaza London yote kuanzia Little Venice hadi Limehouse, na mgeni kama mimi asingepata hata pa kugongea kigingi. Nafasi niliyonayo nimeipata kwa sababu kuna mtu alilazimika kuondoka. Ila taa, kufuli na kamera hazijanilinda kama alivyonilinda mtu mmoja anayejua narudi saa ngapi. Mtu huyo unamjenga kwa siku nane, kumi. Ukimpata, kalenda inakwambia kesho. Ningeweza kuomba siku za ziada, huwa zinatolewa kwa ugonjwa au injini mbovu. Sikuomba. Mahali pale sikupataka, nilimtaka jirani, na jirani hana fomu ya kumwombea.

Sasa simu inakaa mfukoni na taa inakaa kichwani, kama mchimba madini wa Mererani. Milango yote miwili ya boti nimeihakikisha inafunguka kwa ndani, maana kuibiwa ni afadhali kuliko kufungiwa na jiko linawaka. Juu ya paa siachi kitu zaidi ya mfuko wa makaa, na hata huo ulishachukuliwa mara moja. Nipo kwenye kikundi cha simu cha wanawake wa botini. Mtu anaandika, "Nashuka Tottenham Hale saa nne, nani anapanda juu?", tunasubiriana kwenye geti la stesheni, tunatembea wawili watatu. Nikifika ndani betri huwa ziko hoi, na injini hairuhusiwi kuunguruma baada ya saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Nawasha mshumaa, nachochea makaa, nalala na soksi.

Mjomba naye amebadilika. Ana daftari alilokuwa akiandikia mabamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo ya bahari, siku za kusafiri na siku za kukaa. Sasa kila Jumanne ya pili ananitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, umetia nanga wapi leo?" Nimemweleza mara kumi kwamba mferejini tunafunga kwa vigingi, nanga ni ya mtoni ikiharibika injini. Hajali. Namtumia namba ya daraja, anaiandika.

Jumanne iliyopita nimefunga juu ya loki ya Stonebridge. Nilimtumia namba nikiwa bado napiga kigingi cha mwisho, na akanipigia hapo hapo.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mbele yako kuna nani?"

"Sijui bado. Boti ya kijani, moshi unatoka."

"Na jua?"

"Linazama."

"Basi unaongea na mimi wa nini?"

Nikaiweka nyundo chini, nikaenda kupiga hodi. Sauti ya usingizi ikauliza kutoka ndani ni nani. Nikajibu, jirani yako, mpaka Jumanne ya pili.