Nilivyoifungua katalogi ya maktaba kwa walio nje ya chuo

Wiki ambayo wanafunzi wa chuo ninachofanyia kazi walikuwa wakiondoka kwenda mazoezi ya kufundisha, mkutubi wetu alikuja ofisini akaniuliza kwa nini mwanafunzi aliyepangiwa Songea ashindwe kutafuta kitabu kwenye katalogi, wakati aliyelala bwenini anaweza. Katalogi hiyo inaendeshwa kwa programu ya Koha ndani ya seva yenye anwani 192.168.10.20, na anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, hivyo hazipitishwi kwenye intaneti. Nilimjibu kwamba ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua siku nne, ukiacha muda wa kumsubiri mtoa huduma wa intaneti.

Kumsubiri kulitokana na jambo ambalo ningepaswa kulitazama kabla ya kutoa ahadi. Ruta yetu, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wa chuo na intaneti, ambayo ni ya MikroTik, ilikuwa imepewa upande wa nje anwani inayoanza na 100.72, nayo imo katika kundi la 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ambalo watoa huduma hulitumia pale wateja wengi wanapotumia kwa pamoja anwani moja ya umma. Aliye nyuma ya mpango huo hata akiandika kanuni nzuri kiasi gani kwenye faiawoli yake (kichujio cha mawasiliano) anajisumbua, kwa sababu ombi kutoka nje hukwama kwenye mitambo ya mtoa huduma. Tuliomba anwani ya umma ya kudumu, tukakubali malipo ya ziada ya kila mwezi, tukapewa. Hapa nitaiandika 203.0.113.10, ambayo imetengwa kwa ajili ya mifano.

Niliandika kanuni ya kwanza, ya kutafsiri anwani: ombi lolote linalofika 203.0.113.10 kwenye poti (mlango wenye namba) ya 80 au 443, zinazotumiwa na kurasa za wavuti, lipelekwe 192.168.10.20. Kisha nikaandika ya pili, ya kuruhusu ombi hilo lipite. Nikatoka nje hadi chini ya mwembe, nikazima Wi-Fi ya simu ili nitumie bando langu, maana kujaribu ukiwa ndani ya mtandao uleule hakukupi jibu la kuaminika. Ukurasa haukufunguka. Niliporudi mezani niliona kihesabu cha pakiti (vipande vya data) kwenye kanuni ya kwanza kikipanda, lakini cha ya pili kilikuwa sifuri. Kosa lilikuwa langu: kanuni ya kuruhusu nilikuwa nimeiandikia anwani ya umma, ilhali ruta hutafsiri anwani kwanza ndipo ichuje, kwa hiyo pakiti inapofika kwenye kichujio tayari inaelekea 192.168.10.20. Nilibadilisha anwani, na vihesabu vyote viwili vikaanza kupanda.

Simu, hata hivyo, iliendelea kuzungusha tu. Hapo ndipo siku mbili zilipoishia. Niliwasha tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, kwenye seva, nikaona ombi la simu yangu likiingia na alama [S], ya kuomba mazungumzo yaanze, na seva ikijibu papo hapo kwa [S.], ya kukubali, kisha ombi lilelile likarudi tena, na tena, kama mtu anayebisha hodi asisikie karibu. Seva ilikuwa inajibu, ila jibu halikuwa likifika. Nilipoandika amri ya ip route nikaona lango la seva (ruta inayopitishia majibu yake) ni 192.168.10.254, yaani ruta ya zamani ya laini yetu ya akiba, ambayo niliamini haina kazi tena. Ombi lilikuwa likiingia kwa ruta mpya na jibu likitokea kwa ruta ya zamani, ambayo haikuwa na kumbukumbu yoyote ya mazungumzo hayo. Nilibadilisha lango kuwa 192.168.10.1, na kabla sijafika kwenye mwembe ukurasa ulikuwa umeshafunguka.

Asubuhi iliyofuata mkutubi alipiga simu. “Mwanangu, huko Songea wanaona, mimi niliye hatua ishirini na seva sioni!” Kompyuta yake ilikuwa ikiita anwani ya umma, ruta ikamrudishia ombi seva, na seva, kwa kuwa wako kwenye mtandao mmoja, ikamjibu moja kwa moja kwa anwani yake ya ndani, kompyuta ikalikataa jibu la mtu ambaye haikumwita. Niliweka kwenye ruta jina la katalogi lielekee 192.168.10.20 kwa walio ndani, nikamwambia, “Jaribu tena, mama,” ikafunguka.

Poti ya 8080, ambako wafanyakazi wa maktaba huingilia, sikuifungua, na sioni sababu ya mtu kuifungua. Nilimwomba mwenzangu aliyekuwa nyumbani aikague anwani yetu kwa nmap, programu ya kutafuta poti zilizo wazi, nikitarajia aone poti mbili tu. Aliona tatu. Ya tatu ilikuwa 8291, ya Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik), ambayo mimi mwenyewe niliiacha wazi siku nilipofunga ruta, ilhali najua kwamba mwaka 2018 ruta nyingi za aina hii zilivamiwa kupitia mlango huohuo. Niliifunga usiku uleule, nikabadilisha nywila na kusasisha programu ya ruta. Tangu siku hiyo, nikifika ofisini huanza na kihesabu cha kanuni ya mwisho, ile inayozuia vyote vilivyobaki. Hakijawahi kulala.