Jinsi nilivyomtoa mdogo wangu chini ya jicho la mumewe

Kila aliyesikia habari za mdogo wangu alikuwa na dawa mfukoni. "Mnunulie laini mpya." "Iflashini hiyo simu, kila kitu kitafutika." "Mwambie ambloku." Mmoja, tena msomi wa kompyuta, akasema simu ivunjwe tu yaishe. Nawashukuru wote, lakini hakuna hata mmoja aliyejiuliza nini kitatokea saa moja baada ya hapo. Mwanamume anayemfuatilia mkewe kwa simu, siku simu inaponyamaza ghafla ndipo anapojua kwamba mke anafungasha. Na hatari huwa kubwa zaidi pale mwanamke anapojaribu kuondoka au muda mfupi baada ya kuondoka. Muulize mshauri yeyote wa nyumba salama, zile wanakohifadhiwa wanawake waliokimbia ukatili. Kwa hiyo sikugusa kitu. Niliiacha ile simu iendelee kuvujisha, na hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote.

Shemeji alikuwa anajua mambo mno. Mdogo wangu akiniandikia kwamba kichwa kinamuuma, jioni anaulizwa kichwa kimepoaje. Akikata njia nyingine kutoka kazini, kabla hajavua viatu anaulizwa alikuwa wapi na nani. Halafu yanafuata mengine ambayo sitayaandika. Kwa muda fulani aliamini mimi ndiye ninayetoa siri. "Dada, hivi huwa unaongea naye?" aliniuliza. Swali lilinichoma, ila ndilo lililonizindua. Kama si mimi, basi kuna tundu.

Nikaamua kulitafuta hilo tundu kwa uongo. Hapa niacheni nijisifu, maana hakuna aliyenifundisha. Tulikutana uso kwa uso, simu zote mbili tumeziacha mbali, tukatunga uongo mdogo mdogo, kila mmoja na njia yake. Kwenye WhatsApp nilimwandikia kwamba shangazi goti linamsumbua. Kwa kupiga simu ya kawaida tukazungumzia binamu aliyeanguka kwenye usaili wa kazi. Kwa meseji ya kawaida nikamwambia nimepaka chumba changu rangi ya kijani. Naye akaingia Google akatafuta bei za cherehani, mtu ambaye hata kifungo hajui kushikiza. Kisha tukakaa tukisubiri. Shangazi mwenyewe hakujua kwamba ana goti.

Hatukusubiri sana. Shemeji alianza kwa sauti ya upole: "Cherehani ya nini? Kwani kuna kitu unakosa?" Baadaye akampa pole ya shangazi. Binamu na usaili wake hakuwahi kumtaja, wala rangi ya kijani. Basi tukajua: WhatsApp inavuja, Google inavuja, maongezi na meseji za kawaida hakuna dalili. Ukitaka kujaribu mtego huu, chagua uongo usioweza kumpandisha mtu hasira. Usitunge safari, usitunge pesa, na kwa jina la Mungu usitunge mwanamume.

Watu hufikiri lazima kuwe na programu ya kijasusi iliyojificha ndani ya simu. Zipo, na tulizitafuta: kwenye mipangilio ya simu unaangalia programu zenye ruhusa ya ufikivu (Accessibility) na zile zenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa (Device admin), ukiona jina usilolijua lenye kujifanya sehemu ya mfumo, hapo pana walakini. Hatukukuta kitu. Tulichokikuta kilikuwa cha kawaida kiasi cha kukera. Simu alinunuliwa na mumewe, na mumewe ndiye aliyemfungulia akaunti ya Google siku hiyo hiyo, kwa mahaba. Nywila aliiweka yeye. Akaunti ikawa wazi kwenye simu mbili: anachotafuta mke, picha anazopiga, nywila alizohifadhi, hata mahali simu ilipo kupitia ile huduma ya kutafuta simu iliyopotea, mume anaona bila kutoka jasho. Na kwenye WhatsApp, ukifungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kulikuwa na kompyuta moja inasoma kila ujumbe. Mdogo wangu hana kompyuta.

Kidole kiliwasha kubonyeza "ondoa". Sikubonyeza.

Wakati huo huo yule msomi wetu wa familia hakukata tamaa. Alikuwa amesoma habari za HarassMap ya Misri iliyoanza 2010 na Safecity ya India iliyoanza 2012, ambako wanawake huweka kwenye ramani mahali walipobughudhiwa, akataka na sisi tuwe na ramani. Nilimwuliza ramani ya wapi, ya jikoni au ya chumbani? Kazi nzuri kwa mitaa na vituo vya basi ile, sibishi, lakini mtesi wa mdogo wangu alikuwa na funguo za mlango. Basi akaja na programu ya kengele. Unaiweka kwenye simu, ukipatwa na jambo unatikisa simu, nayo inatuma ujumbe wa msaada na mahali ulipo kwa watu uliowachagua. Kwa maneno ilipendeza. Tukaona tuijaribu kwanza kwenye simu yangu.

Asubuhi nikiwa nakung'uta mkeka, simu iko mfukoni, ndugu watano wakapokea kwamba niko hatarini. Mama akaanza kulia kabla hajasoma mpaka mwisho. Kaka akatoka mbio mpaka mahali programu ilipomwelekeza, akagonga kwa nguvu zote mlango wa nyumba ya mtaa wa pili, akamtoa mzee wa watu usingizini. Mimi bado nakung'uta tu. Tulipokuja kuijaribu makusudi, nikatikisa, nikatikisa, nikatikisa mpaka bega likauma, kimya. Bando lilikuwa limeisha na ujumbe ulikuwa unapita kwenye intaneti. Zaidi ya hayo, alama ya programu ilikaa katikati ya skrini, nyekundu, na kengele juu yake. Mwanamume anayekagua simu ya mkewe kila usiku angeiona kabla hajaona saa. Tukaitoa. Badala yake tukakubaliana neno moja la kawaida ambalo akinipigia na kulitaja, mimi napiga polisi bila kuuliza swali. Tulichagua jina la kitambaa. Halina alama nyekundu, na bando halihitaji.

Kisha nikanunua simu ya pili. Ya bei ya chini kabisa miongoni mwa zile zenye kamera inayoeleweka. Kama unamsaidia mtu, hiyo ndiyo gharama usiyoikwepa, nyingine zote zilikuwa nauli na maneno. Akaunti mpya, nywila ambayo haihusiani na tarehe ya mtu yeyote kuzaliwa, na haikuwahi kuunganishwa na Wi-Fi ya nyumba ile. Ilikaa kazini kwake, ndani ya droo yenye kufuli. Ya zamani akaendelea nayo kama kawaida: picha za mtoto, salamu, vichekesho vya kikundi cha familia. Lakini namba ya msaada alipiga kwa ile mpya, mwanasheria alimpata kwa ile mpya, na neno "talaka" halikuandikwa kwenye ya zamani hata mara moja. Utafutaji wote wa maneno kama "mume ananifuatilia" nilifanya mimi, kwenye simu yangu.

Sasa ushahidi. Matusi na vitisho vilikuwa kwenye simu ya zamani, na kila mtu anasema piga picha ya skrini. Piga, uone. Picha za skrini kwenye simu ile zilikuwa zinapanda zenyewe kwenye hifadhi ya Google, na hifadhi ya Google inafunguka kwa mumewe. Ukiituma kwa barua pepe, nakala inabaki kwenye zilizotumwa. Tulichofanya ni hiki: chakula cha mchana, mlango wa ofisi umefungwa, simu ya zamani imelazwa mezani, simu mpya inaipiga picha kwa juu. Ukurasa mmoja, picha moja, kisha anasogeza kidogo ili mstari wa mwisho wa picha iliyopita uonekane kwenye inayofuata, mtu asije akasema tumeruka maneno. Namba ya aliyetuma ionekane, tarehe ionekane. Usizikate pembeni, usizing'arishe, usichore mduara mwekundu. Mwanasheria alisisitiza hilo kuliko lote. Ndiyo maana nilipokuja kusoma kuhusu MediCapt, programu ya shirika la Physicians for Human Rights ambayo madaktari wa Kongo na Kenya hurekodi nayo majeraha ya waliobakwa, nilielewa mara moja kwa nini waliitengeneza hivi kwamba rekodi na picha haziwezi kuchezewa baadaye. Wakili wa upande wa pili hula kwenye picha iliyoguswa.

Pembeni ya picha kulikuwa na daftari la kawaida: siku, saa, nini kilitokea, nani aliona. Na vyeti vya hospitali.

Siku ya kuondoka simu ya zamani haikuondoka. Ilikuwa kwenye chaji ofisini, imewashwa, mtandao umewashwa. Kwenye ramani ya shemeji mke yuko kazini, anachapa kazi. Mke alikuwa ameshatoka mlango wa nyuma na mtoto na mshauri wa nyumba salama, wakalala usiku ule mahali ambapo hata mimi sikuambiwa. Niliumia kutoambiwa, nikasema basi, ndivyo inavyotakiwa.

Alipofika ndipo tulipofunga milango, kwa kutumia simu mpya: kwanza akaunti za benki, kisha nywila zote, uthibitishaji wa hatua mbili kwenye namba mpya, kuondoa vifaa vyote asivyovijua. Ile kompyuta ya WhatsApp niliiondoa mwenyewe kwenye simu ya zamani, kwa ruhusa yake.

Shemeji akahamia kwenye picha. Akatuma ujumbe kwamba zile za faragha alizonazo zitaonekana na dunia nzima. Mdogo wangu aliniambia hilo kwa aibu kuliko aliponiambia habari za kupigwa. Hapo ndipo mshauri alipotuonyesha StopNCII, huduma iliyoanza Desemba 2021 na inayoendeshwa na shirika moja la Uingereza. Nilikuwa na wasiwasi: yaani nizuie picha isisambae kwa kuipeleka kwa watu wengine? Haiendi kwa mtu. Unaichagua picha kwenye simu yako, na humo humo kwenye simu inatengenezwa alama ya namba iitwayo heshi. Inayotumwa ni heshi tu. Kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, zikiona picha yenye heshi hiyo inapandishwa zinaweza kuizuia. Lazima uwe na picha yenyewe, na anayeonekana awe na miaka 18 au zaidi wakati picha ilipopigwa. Kwa walio chini ya hapo ipo huduma kama hiyo, Take It Down ya Marekani. StopNCII haifiki kwenye ujumbe binafsi wa WhatsApp, na picha iliyokatwa au kubadilishwa inaweza kuponyoka. Lakini mdogo wangu alilala.

Nikadhani tumemaliza. Halafu mama mkwe wake akaleta kwangu begi la nguo za mtoto na dubu wake wa manyoya, mtoto anamlilia. Nilizunguka nalo kwenye shughuli zangu, nikipanga kumkabidhi mshauri jioni, mara simu yangu ikanionya kwamba kuna kifuatiliaji kisichojulikana kinasafiri nami. Simu nyingi za Android, kuanzia toleo la 6, zina onyo hilo. Nikasimama hapo hapo. Kwa mshauri sikwenda. Nikabonyeza kwenye onyo ili kidude kilie, na dubu akaanza kulia tumboni.

Mgongoni pa dubu palikuwa na mshono wa mkono, nyuzi nene. Ndani mlikuwa na AirTag, kifuatiliaji kidogo cha kampuni ya Apple. Ukiigusisha upande wake mweupe nyuma ya simu yenye NFC, ile teknolojia ya kusoma kwa kugusisha, unafunguka ukurasa wenye namba tambulishi ya kifaa na tarakimu 4 za mwisho za namba ya simu ya aliyekisajili. Tarakimu zile nazijua kwa moyo. Nilipiga picha ukurasa, nikapiga picha mshono, nikapiga picha dubu. Betri sikutoa bado. Nilikipeleka kituo cha polisi kikiwa hai, nikakiweka juu ya meza ya afisa, nikaketi kwa raha zangu kuandikisha maelezo, ramani ya shemeji ikimwonyesha mwenyewe kilipo. Afisa alipomaliza kunakili namba tambulishi ndipo nilipomwonyesha kinavyofunguka: unabana upande wa chuma kwa vidole viwili, unazungusha kinyume cha saa.