Siku moja nyuma ya kaunta ya duka la dawa

Saa moja na nusu asubuhi. Sijamaliza hata kufagia baraza, mama mmoja kashafika na mwanawe mwenye pumu, anayepumua kwa shida. "Dokta, nipe pampu ya bluu haraka." Mtoto anavuta salbutamoli, na baada ya dakika chache kifua kinafunguka.

Dawa hiyo haikuingia ndani ya seli za misuli ya njia ya hewa. Ilipiga hodi tu. Ilishika kipokezi kiitwacho beta-2 kilichochomoza kwenye utando wa seli, kipokezi kikabadili umbo, na upande wa ndani kikaamsha protini G, mpokezi wa ujumbe. Protini hiyo nayo ikaamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo za cAMP kwa wingi, ujumbe ukasambaa, misuli ikalegea. Kila hatua huukuza ujumbe. Ndiyo maana mikrogramu 100, vumbi lisiloonekana kwa macho, zinamrudishia mtoto pumzi.

Kinachonikera ni kwamba mama huyu hununua bluu tu na kuikataa ya kahawia, yenye beklometasoni, dawa ya aina ya steroidi. "Ile haifanyi kazi." Inafanya, ila kwa njia nyingine. Steroidi hupenya utando bila hodi, hukutana na kipokezi chake humo ndani, kisha vyote viwili huenda kwenye kiini kubadilisha jeni zipi zisomwe. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na nafuu kamili siku au wiki. Bluu nayo ikitumiwa ovyo, seli huchoka na kelele, huvuta vipokezi vyake ndani, na dawa hupungua nguvu. Leo amekubali kuchukua zote mbili.

Saa nne. Mwalimu mstaafu amefuata metformini yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hebu nieleze, daktari kasema insulini ninayo mwilini. Sasa sukari inapandaje?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Kipokezi cha insulini hakitumii protini G kufungua mlango wa sukari. Sehemu yake ya ndani yenyewe ni kimeng'enya. Insulini ikikishika kwa nje, sehemu ile hubandika fosfati kwenye protini za jirani, nazo hupokezana hadi vibebeo vya glukosi, GLUT4, vilivyohifadhiwa ndani ya seli za misuli na mafuta, vinapanda juu kwenye utando kuingiza sukari. Kwenye kisukari cha aina ya pili hodi inapigwa vizuri, ila ujumbe hufifia njiani huko ndani. Metformini hasa huzuia ini kumwaga sukari nyingi kwenye damu. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama anaweza kula wali.

Saa saba. Foleni ya mafua na mzio. Setirizini hukalia vipokezi vya histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na kuwashwa. Klofeniramini pia, lakini hiyo hupita hadi kwenye ubongo na kuleta usingizi, hivyo dereva wa bodaboda simpi.

Saa tisa. Dada mmoja ana mgonjwa anayeharisha maji matupu. Nimempa ORS nyingi, ile ya chumvi na glukosi ya kuchanganya na maji, na kumwambia ampeleke hospitali sasa hivi. Sumu ya kipindupindu ni ya ajabu: hukwamisha protini G ya seli za utumbo isizimike, cAMP ikajaa, chumvi ikamwagwa nje na maji yakaifuata. Lakini njia inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi haiguswi, na ORS hupitia hapo. Ndiyo sababu maji ya chumvi peke yake hayatoshi.

Saa kumi na moja. Muuza kahawa kapita. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini, kemikali inayoleta usingizi, bila kuviamsha, uchovu ukose pa kupiga hodi. Nimechukua vikombe viwili.

Saa moja usiku. Kijana ana usaili kesho. Rafiki yake kamwambia propranololi huzuia mikono kutetemeka. Ni kweli, huziba vipokezi vya beta na adrenalini ikakosa pa kushika. James Black, aliyeibuni, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Nikamuuliza kwanza kama ana cheti cha daktari, halafu kama ana pumu.

"Ya utotoni tu. Pampu ninayo nyumbani."

Propranololi haibagui beta-1 ya moyo na beta-2 ya mapafu. Ingeweza kumbana kifua usiku huu, na pampu ile ikute mlango umeshazibwa. Nimemnyima. Kasonya, akavuka barabara kuelekea duka la pili, nami nikapiga simu kwa mwenzangu wa huko kabla hajafika.