Maji Yaliyotibuliwa kwa Miguu

Wapendwa katika Bwana, somo la juma hili ni Ezekieli 34:17-19. Mara nyingi sura hii tunaisoma hadi mstari wa 16 na kufunga kitabu, kwa sababu hadi hapo lawama ni za wachungaji, na kuwalaumu wachungaji hakutugharimu kitu. Katika mstari wa 17 Mungu anawageukia kondoo wenyewe, akisema kwamba atahukumu kati ya mnyama na mnyama. Kosa analowatajia linaonekana dogo: wamekunywa maji safi, kisha yaliyobaki wameyatibua kwa miguu yao, na wenzao waliokuja nyuma wakanywa matope.

Nimeisoma aya hii miaka mingi hapa Malindi bila kuona kwamba inaugusa ufuo wetu. Walionifumbua macho ni mpwa wangu na mkewe, waliotoka Nairobi mwezi wa Julai kuja kukaa kwetu majuma sita, wakakaa miezi mitano. Kazi yao hufanyika kwa kompyuta popote penye intaneti, na mapenzi yao ni kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Kusi ilipokuwa ikivuma walikuwa wakiingia baharini kabla jua halijapanda, huku mke wangu akinung'unika kuhusu chai inayopoa mezani. Siku ambazo bahari iliwakatalia walikwenda kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, au kwenye hori ya Mida kuwatazama ndege maji yanapokupwa. Lakini sitarefusha hayo, maana hata wao waliporudi jioni walizungumzia mawimbi tu.

Mawimbi hayo yana sababu yake. Sehemu kubwa ya pwani yetu hulindwa na mwamba wa matumbawe unaoyavunja mawimbi mbali na ufuo, lakini mbele ya ghuba ya Malindi mwamba huo umekatika, kwa kuwa matumbawe huhitaji mwanga na maji maangavu, na Mto Sabaki umekuwa ukimwaga udongo hapo tangu zamani. Wakati wa kusi mkondo wa bahari hulipeleka tope la mto upande wa kaskazini, nasi wa mjini tunalisahau. Mwaka ule mvua za vuli ziliponyesha na kaskazi ikaanza kuvuma, mto ulifurika, na maji yake mekundu yakashuka kusini hadi yakaifunika ghuba. Asubuhi moja wale vijana walirudi nyumbani na mbao kavu. "Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "bahari yenu imechafuka."

Nakiri kwamba lile neno "yenu" liliniudhi. Niliwachukua hadi mlangoni mwa mto, mahali ambapo ndege waitwao heroe husimama kwenye maji machache, nikawaeleza kwamba Sabaki ni jina la mwisho la mto ule: juu zaidi huitwa Galana, na kabla ya kukutana na Mto Tsavo huitwa Athi, nao Athi hupokea maji ya Mto Nairobi pamoja na ya vilima vya Machakos, alikozaliwa baba yake mpwa wangu. Wao walikuja kwa basi kupumzika, na maji ya kwao yakaja kwa njia yake yakawakuta huku. Mkewe alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye alikulia karibu na Mto Nairobi, na kwamba kila kilichokosa pa kutupwa pale mtaani kilitupwa humo. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mvuvi wa Malindi. Walikuwa hawamfikirii kabisa.

Hapa ndipo aya inaponilemea. Kondoo wa Ezekieli naye hakukusudia ubaya. Alikuwa na kiu, akaingia mtoni, akanywa, akageuka akaondoka, na kila hatua aliyoipiga ilikuwa halali machoni pake. Nabii hamshitaki kwa kiu yake wala kwa kunywa kwake, bali kwa sababu hakuangalia nyuma. Tumezoea kuungama yale tuliyoyatenda kwa mikono na kuyanena kwa midomo. Sikumbuki hata sala moja ya toba niliyowahi kuisikia inayotaja miguu, yaani madhara tunayoyaacha pale tulipopita tukiwa tumekwisha kutosheka.

Mpwa wangu hakukubali upesi. Alisema, tena kwa haki, kwamba pasipo tope hilo ghuba isingekuwa na mawimbi yaliyomleta. Ni kweli kwamba mto ulibeba udongo kabla ya jembe lolote kuugusa ukingo wake. Lakini matumbawe ya Malindi yaliyoishi takriban miaka 300 yalipochunguzwa na wataalamu, tabaka zake zilionyesha kwamba udongo utokao bara uliongezeka sana kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba yalipopanuka na vilima vikaachwa wazi. Nilimsomea Warumi 6:1, mahali Paulo anapouliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi. Alicheka, akasema kwamba mimi huwa na aya ya kila kitu.

Mke wangu, ambaye hakuwa ameulizwa, alituambia sote wawili kwamba hata Malindi ina watu walio chini yake. Mikoko inayokatwa kwetu ilikuwa makao ya samaki wachanga wa mtu mwingine, na taka za sikukuu zetu huondoka na maji ya bamvua kwenda tusikokujua. Sikuwa na aya ya kumjibu.

Waliondoka Desemba. Baadaye dada yangu alinipigia simu kutoka Machakos kulalamika kwamba mwanawe amefika huko bila taarifa, tena na jembe jipya, na anamsumbua kwa maswali kuhusu matuta ambayo babu yake aliyachimba kuzuia mmomonyoko, yaliyobomoka tangu vijana wahamie mjini: yalikuwa na upana gani, na yalianzia wapi. Alitaka kujua tulimlisha nini huku pwani.